Kutoka bendi hadi jukwaa la mtu mmoja: gitaa tupu, kinanda, biti au lupa?

Katika bendi ya dansi, mpiga gitaa la solo hana haja ya kuhesabu mapigo. Drums na besi wanashika mwendo, mpiga gitaa la rhythm anajaza katikati, tumba zinakoleza, na mwimbaji akisahau ubeti wenzake wanaingia na kiitikio hadi akumbuke. Ukipanda jukwaani peke yako, ukubwa wa sauti unaweza kuununua kwa spika. Kinachokosekana ni mtu wa kushika mwendo.

Njia nne zinazotumika zaidi hutofautiana hasa hapo. Kwenye gitaa tupu, mwendo uko kwenye kidole gumba chako. Kinanda chenye mitindo, yaani midundo iliyo tayari ndani yake, ni mashine inayoshika mwendo na kukutii. Biti ya kurekodi, yaani muziki wa wimbo uliorekodiwa tayari bila mwimbaji, inashika mwendo lakini haikusikilizi. Lupa, yaani kile kikanyagio kinachorekodi ulichopiga na kukirudia, inakurudishia mwendo ulioushika mwenyewe sekunde kumi zilizopita, uwe uliushika vizuri au vibaya.

Tunavyozipima

Kazi tunayoizungumzia ni ile ya kawaida: hoteli, mgahawa, baa au sherehe ya watu 30 hadi 150, kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, awamu tatu za dakika 45. Kila njia tumeiuliza mambo sita. Inadai maandalizi gani kabla ya shoo ya kwanza? Inataka vyombo gani? Mtu mmoja anaweza kuvibeba? Inafaa ukumbi wa kula au wa kucheza? Unaweza kuugeuza wimbo ukiwa katikati? Na ikiharibika, huharibikia wapi?

Malipo hatukuyafanya kigezo cha saba, kwa sababu hutegemea ukumbi kuliko chombo. Hoteli humlipa mtu mmoja kama mtu mmoja, hata awe na kinanda chenye sauti ya watu kumi.

Maandalizi

Anza na hesabu ambayo huwashtua wengi. Wimbo wa bendi wenye sebene au chemko (sehemu ndefu ya kuchezea) unaweza kwenda dakika tisa. Wimbo huohuo ukipigwa na mtu mmoja huisha ndani ya dakika nne, maana hakuna wa kupokezana naye. Awamu tatu za dakika 45 ni dakika 135. Ukiweka dakika nne na nusu kwa kila wimbo pamoja na maneno ya katikati, unahitaji nyimbo 30, ilhali bendi ilikuwa ikimaliza usiku na 15. Tena zote 30 unaziimba wewe. Shusha ufunguo nusu toni mbili au tatu kutoka ule wa bendi, ambao huenda ulichaguliwa kwa ajili ya saksafoni au mwimbaji mwingine. Koo linalomudu nyimbo tano kwa usiku si lazima limudu thelathini.

Kwa gitaa tupu, kila wimbo unapangwa upya kuanzia chini. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga (Kongo), aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na ndani ya vidole hivyo viwili mlikuwa na besi na solo kwa pamoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Aliyezoea rhythm kwenye bendi hupata tabu mwanzoni, kwa kuwa mkono wake umezoea nyuzi tatu nyembamba na kumwachia besi zile nene. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: chukua laini ya besi ya wimbo, ipunguze ibaki noti mbili au tatu kwa kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si kodi za serikali), uipige kwa gumba peke yake hadi isiyumbe. Kisha ongeza vidole. Sauti iingie mwisho. Ukiweza kupiga huku unajibu maswali ya mtu aliyekaa pembeni na gumba lisisite, wimbo umeiva. Wanaoanza na sauti kisha wakatafuta kodi za kuifuata huishia kuchapa nyuzi zote sita kwa mtindo mmoja, na baada ya nyimbo nne ukumbi unasikia wimbo mmoja mrefu.

Kinanda kinadai maandalizi ya aina nyingine. Mkono wa kushoto hauchezi tena. Unaiambia mashine kodi gani inafuata, nayo inatoa besi, ngoma na rhythm. Kwenye vinanda vya Yamaha vya aina ya PSR, mpaka wa mikono huwekwa kiwandani kwenye noti ya F#2, na mpiga kinanda wa bendi aliyezoea kuteremka chini ya hapo kwa mkono wa kulia hushangaa wimbo unapobadili kodi bila kuombwa. Sogeza mpaka au zoea. Kazi kubwa zaidi ni kutafuta mtindo unaolingana na wimbo. Rumba, bolero, rege na disko vimo ndani. Sebene na chakacha ni nadra kuvikuta. Chakacha hutembea kwa sita kwa nane, na ukiilazimisha juu ya mtindo wa nne kwa nne, kiuno cha mchezaji kinajua kabla ya sikio lako. Itabidi upakie mtindo uliotengenezwa na mtu mwingine au uutengeneze mwenyewe, na vinanda vidogo vya bei nafuu mara nyingi havikuruhusu kutengeneza. Ukishapata mtindo, hifadhi kwa kila wimbo: mtindo, kasi, sauti ya mkono wa kulia na ufunguo, vyote kwenye kitufe kimoja cha kumbukumbu.

Biti hutengenezwa mara moja, na muda wote unaliwa hapo. Unaondoa chombo utakachokipiga mwenyewe, unaondoa mwimbaji mkuu, na unaweka hesabu ya mapigo manne mwanzoni ili uingie kwa uhakika. Zikiwa 30 tayari, zipige zote mfululizo kwenye spika moja bila kugusa kitufe cha sauti. Zinazoruka juu au kuzama zirekebishe nyumbani, kwa sababu jukwaani mikono yako itakuwa kazini. Biti iliyopakuliwa mtandaoni ina mwenyewe: kuilipia au kuipakua hakumaanishi unaweza kuirekodi video na kuitangaza kama yako.

Lupa inaonekana rahisi dukani. Kinachofunzwa ni mguu. Bonyeza pigo la kwanza hasa, funga pigo la kwanza hasa, na mguu utangulie kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu husubiri kusikia pigo ndipo akanyage. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, mzunguko wa mapigo 16 ni sekunde 9.6. Ukiweka tabaka nne (kugonga mbao, besi, rhythm, mlio wa juu), hadhira imesubiri karibu sekunde 40 kabla hujafungua mdomo. Tabaka mbili kisha imba, nyingine ziingie wakati wa kiitikio.

Vyombo

Msingi ni uleule kwa wote: spika moja ya inchi 10 au 12 yenye amplifaya ndani yake, stendi inayoinyanyua juu ya vichwa vya waliokaa, miksa ndogo ya njia nne hadi sita, maiki ya kawaida ya jukwaani kama Shure SM58, na waya mbili za maiki (XLR) pamoja na moja ya akiba. Ukumbi ukiwa na mfumo wake, uliza kwanza unafanya kazi au upo tu.

Juu ya msingi huo gitaa tupu huongeza vitu vichache: galatoni (gitaa la mbao) yenye pikapu, yaani kinasa sauti chake, seti ya nyuzi za kuanzia unene wa inchi .012 au .011 na seti ya akiba, betri mpya ya volti 9, kifuniko cha mpira cha tundu la gitaa, na kisanduku cha DI (kinachofikisha sauti ya chombo kwenye miksa bila kelele) ikiwa miksa iko mbali. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Kinanda ndicho ghali. Chukua pia stendi isiyoyumba, kanyagio na adapta yake halisi, maana adapta ya kubahatisha yenye ncha iliyogeuzwa inaweza kuua kinanda papo hapo. Kwa biti, chombo chenyewe ni simu au kompyuta ndogo. Pesa imeshakwenda studio. Kwa lupa, amua kama unahitaji njia moja au mbili. Ditto ya TC Electronic hurekodi dakika tano, Boss RC-1 dakika 12, na zote mbili zina njia moja. Boss RC-500 ina njia mbili, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko dakika: mdundo unabaki njia ya kwanza huku kodi za njia ya pili zikiingia na kutoka. Panga hivi: gitaa, kisha kikanyagio cha okteva (kinachoshusha sauti ya gitaa) kwa ajili ya besi, kisha lupa, kisha DI. Lupa ikitangulia okteva, ukikanyaga okteva kila kitu ulichorekodi kinashuka nayo.

Mzigo

Hapa hakuna mengi. Galatoni inakwenda mgongoni juu ya bodaboda, simu ya biti inakaa mfukoni, lupa na waya zake vinaingia kwenye begi la shule. Kinanda cha funguo 61 kina urefu wa karibu mita moja na kinataka bajaji au gari. Spika ya inchi 12 ina uzito wa kilo 15 hivi na itakudai usafiri kwa njia yoyote ile, isipokuwa ukumbi una yake.

Watu wanakula au wanacheza?

Kwenye chakula cha jioni hotelini gitaa tupu hukaa vizuri kuliko vingine vyote. Mgeni anaweza kuongea na mwenzake bila kupandisha sauti, na meneja hana sababu ya kukufuata kila nusu saa kukuomba upunguze. Watu wakianza kusukuma meza pembeni, hali hubadilika: bila ngoma na besi, gitaa moja hushikilia wachezaji kwa nyimbo mbili tatu, basi.

Kinanda kinamudu pande zote mbili, na ndiyo maana kwenye harusi na sherehe za pwani kinaonekana sana. Wimbo wa chakula unapigwa kwa mtindo laini, saa tatu ikifika unabadili mtindo na kasi bila kubadili chombo. Kasoro yake ni uso: ukiwa umeinamisha kichwa kwenye vitufe, hadhira inaona fundi badala ya mwimbaji.

Biti ndiyo yenye nguvu ya kuchezesha, kwa sababu besi na drums ni za kweli, zimerekodiwa. Mikono ikiwa huru unaweza kushuka kati ya watu na maiki. Kwenye mgahawa mdogo, hata hivyo, biti nzito pamoja na mtu mmoja anayeimba huonekana kama karaoke, na wapo wenye kumbi watakaouliza kwa nini wasiweke tu redio. Jibu lako ni kupiga chombo kimoja laivu juu yake, na kisikike.

Lupa ina watazamaji wake: wanaopenda kuona muziki ukijengwa mbele ya macho yao, vikao vya sanaa, mikahawa ya vijana. Kwa wachezaji inafaa kuliko wengi wanavyodhani, mradi muziki wenyewe uzunguke. Sebene ni mzunguko wa kodi chache unaorudi na kurudi, jambo ambalo lupa iliumbwa kulifanya. Taarabu yenye utenzi mrefu na vipande vinavyobadilika inagoma.

Kugeuza wimbo katikati

Bibi harusi kaingia mapema. Mzee anayetunza kasimama na noti mkononi na anataka jina lake litajwe mara tatu. Bendi hutazamana, kiongozi anainua kidole, wimbo unarefushwa. Peke yako, nani anainua kidole?

Gitaa hugeuka papo hapo, hata ufunguo unabadilika kwa kusogeza kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa. Kinanda hugeuka pia: ukishikilia kodi ileile mtindo unaendelea usiku kucha, kitufe cha kujaza kinakupeleka sehemu nyingine, na kitufe cha kumalizia kinafunga wimbo kwa adabu. Wapiga mugithi wa baa za Kenya, neno la Kikuyu lenye maana ya garimoshi, wamejenga mtindo mzima juu ya hilo: mdundo wa mashine haukatiki, mtu mmoja na gitaa la umeme anaunganisha wimbo na wimbo, na wateja wanashikana mabega kama mabehewa. Mpiga gitaa wa bendi asiyejua kinanda aangalie hapo, kwa sababu kinanda hicho kinaweza kumpa ngoma tu, na mikono yake ikabaki kwenye gitaa.

Biti ndiyo ngumu zaidi. Sebene imerekodiwa dakika mbili, na dakika mbili zikiisha inaisha, hata kama ukumbi ndio kwanza umechemka. Dawa ni kuikata vipande nyumbani (ubeti, kiitikio, sebene) na kutumia programu inayokuruhusu kurudiarudia kipande hadi ubonyeze kingine. Asiyetaka taabu hiyo aandae matoleo mawili ya kila wimbo wa kuchezea, la dakika tatu na nusu na la dakika sita. Lupa hurefuka bila kikomo lakini hailegei: kubadili kodi katikati ya mzunguko uliorekodiwa hakuwezekani, unafuta na kuanza upya.

Kinachoharibika, na kwa nini

Galatoni huvuma. Mbao zake hutikiswa na spika, pikapu inasikia mtikisiko huo, spika inautoa tena kwa nguvu zaidi. Mara nyingi mvumo huo uko kati ya Hz 100 na 250. Funika tundu, weka spika mbele ya mstari wako na isikuelekee, punguza eneo hilo kwenye miksa kwa desibeli nne hadi sita. Kupunguza sauti nzima si dawa. Betri ya pikapu nayo haifi ghafla: sauti inaanza kukwaruza kwenye mapigo makubwa, na mpigaji anadhani spika imechanika. Chomoa jeki kila ukipumzika, kwa sababu kwa magitaa mengi jeki iliyochomekwa ndiyo inayowasha pikapu.

Kinanda kinaogopa umeme. Tanesco ikikata na jenereta ikachelewa sekunde mbili, spika inarudi na kuendelea, lakini kinanda kinaanza upya na mtindo wa kiwandani pamoja na kasi ya kiwandani. UPS ndogo ya kompyuta (betri ya akiba) inashika kinanda na miksa hadi jenereta itulie. Spika ichomeke ukutani. Bandika karatasi yenye namba za kumbukumbu juu ya kinanda. Gizani hutazikumbuka.

Biti ina hitilafu moja inayowachanganya hata mafundi mitambo. Unachomeka simu kwa waya wa stereo moja kwa moja kwenye tundu moja la miksa, na besi pamoja na drum kubwa vinatoweka. Yanabaki magitaa ya pembeni na mwangwi. Tundu hilo lilitengenezwa kuondoa kilicho sawa katika nyaya zake mbili, ili kuzuia kelele, na besi katika biti iko katikati, yaani ni sawa kushoto na kulia. Inaondolewa kama kelele. Tumia waya wenye jeki ndogo upande mmoja na jeki kubwa mbili upande wa pili, ziingie njia mbili. Muungurumo ukitokea kompyuta ikiwa kwenye chaji, chomoa chaja usikilize: ukikoma, chanzo umekipata, piga kwa betri au pitisha sauti kwenye DI yenye kitufe cha kukata ethi (waya wa ardhini). Weka simu kwenye hali ya ndege, zima kengele ya kuamka, na uwe na simu ya pili yenye nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule.

Lupa huharibika kwa mguu kuliko kwa umeme. Mzunguko uliofungwa umechelewa kidogo tu hurudia kuchelewa kwake kila sekunde tisa, na sikio la hadhira halizoei. Ukisikia kosa hilo, futa mara moja na uanze tena huku unaongea na watu. Kuvumilia ni kubaya zaidi. Jambo jingine ni ujazo: kila tabaka likipigwa kwa nguvu ileile, tabaka la tatu linafunika sauti yako. Rekodi kwa nguvu ndogo kuliko utakayotumia kwenye solo.

Kwa hali yako

Kama ulikuwa mwimbaji kwenye bendi na chombo chako ni koo, biti itakupandisha jukwaani mapema kuliko vingine, na gitaa lisikuzuie kuanza. Jifunze hata tumba au kayamba kupiga laivu juu yake.

Kama ulikuwa rhythm au solo na unalenga hoteli na migahawa, gitaa tupu. Anza kutafuta kazi ukiwa na nyimbo 20 zilizoiva, omba awamu mbili badala ya tatu, na ongeza mbili kila wiki. Ukiwa solo unayelenga baa na watu wa kucheza, gitaa la umeme pamoja na mdundo wa kinanda ni njia iliyokwisha jaribiwa na wengi.

Mpiga kinanda wa bendi, hasa ya taarabu, ana njia iliyo wazi kwenye sherehe, mradi akubali kutumia wiki kadhaa kutengeneza mitindo ya kwao badala ya kupiga nyimbo zao kwa mitindo ya kigeni.

Mpiga besi ndiye husahaulika. Lupa inamfaa kuliko anavyofikiri: anashika mwendo tayari, na tabaka lake la kwanza ni lile ambalo wengine hulipata kwa kubahatisha na okteva.

Anayehama mji kwa mji kwa basi achague kati ya gitaa na biti. Anayepiga mahali pamoja kila Ijumaa anaweza kumudu kinanda, kwa kuwa kitalala hapohapo, ndani ya chumba chenye kufuli. Na asiyeona jibu lake hapa amwulize mpiga tumba wa bendi yake ya zamani kama Ijumaa ana nafasi. Watu wawili wanaingia kwenye bajaji moja pamoja na spika.

Njia yoyote ile, kabla ya kutaja bei mwulize mwenye ukumbi mambo matatu: spika ni ya nani, umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani, na baada ya saa tatu anataka watu wabaki mezani au wasimame.